Tulivyoiacha Kompyuta ya Kilima

Duka lilikuwa katikati ya mji, kwenye mtaa wa wauza vitambaa, na mwenyewe alikuwa mama wa Kiarabu ambaye wazee wake walitoka Omani wakakaa Ujiji kabla ya kufika Bujumbura. Mama yangu alinituma huko kuchukua kanzu za kwaya ya parokia yetu ya Ngagara. Kanzu hazikuwa tayari. Nilimkuta yule mama ameinamia karatasi ya miraba, anahesabu kwa ncha ya kalamu, na mashine ya kudarizi iko kimya pembeni yake. Nilipomuuliza anahesabu nini, aliniambia anapanga herufi. Programu iliyokuja na mashine haikujua kuandika maneno marefu wala haikuwa na herufi zenye alama juu, kwa hiyo kila jina la kwaya na kila jina la bwana harusi alilipanga kwa mkono, mraba kwa mraba, ndipo aziingize hesabu zake kwenye kompyuta.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya informatiki na sina kazi. Nyumbani baba, karani wa serikali aliyestaafu, alikuwa ameanza kuniuliza kila asubuhi leo naelekea wapi. Nikamwambia yule mama kwamba ningeweza kujaribu kumwandikia programu ndogo ya kupanga herufi. Aliniangalia kidogo, kisha akavuta kigoda akakiweka mbele ya kompyuta.

Nilikikalia kigoda hicho miezi mitatu. Nilivunja sindano nyingi na sikuulizwa hata moja. Adhana ya adhuhuri ilipolia, alinikabidhi duka, akaenda nyuma kuswali, na wateja wakanisemesha kana kwamba mimi ni wa nyumba hiyo. Siku mashine iliposhona jina zima la kwaya yetu bila kukosea, alilikata lile pande la kitambaa akanipa nikamwonyeshe baba. Baba aliligeuza, akatazama nyuzi za upande wa nyuma, akasema kazi imeshikana. Hakuniuliza tena ninaelekea wapi.

Programu ile ilikua. Rafiki yangu tuliyesoma naye, kijana wa mtaa wa Kigobe mwenye subira kuliko mimi, alijiunga nami. Hatukuiuza. Kila mmoja wetu alipata kazi ya ofisini, na programu ikawa kazi yetu ya Jumamosi. Mafundi wa Gitega, Rumonge na Uvira waliipata kwa kupeana kwenye flash, wengine wakatupigia simu kuuliza au kulalamika, na kwa njia hiyo tukawajua karibu wote.

Kompyuta ya yule mama ilikuwa na mfumo ule wa zamani ambao, ukiuwasha, unakuonyesha kilima cha majani mabichi chini ya anga la bluu. Tuliuita mfumo wa kilima. Tulipoanza, nusu ya mafundi walikuwa nao. Miaka ikapita, kompyuta zikafa moja moja, zikaja nyingine. Waliotengeneza mfumo huo walikuwa wameuacha zamani; hawakuurekebisha tena hata ukipatikana na tundu la kupitishia virusi. Ikafika mahali tukihesabu waliobaki kwenye kilima, tunampata mtu mmoja.

Rafiki yangu ndiye aliyelianzisha jambo hilo. Tulikuwa kwao Kigobe, kwenye baraza. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno. Alisema kila kitu tunachoongeza tunakiandika mara mbili, mara moja kwa ajili ya watu wote na mara ya pili kwa ajili ya kilima. Zana mpya za kazi yetu zinakataa kilima kabisa. Kompyuta ya pekee ya kilima tuliyojaribia ilikuwa yake mwenyewe, na feni ya kompyuta hiyo ilishaanza kukwaruza. Ikifa, tutakuwa tunampa mtu kitu ambacho hatukukionja. Tena flash zinatembea kutoka duka hadi duka, na mashine isiyo na kinga inaweza kuwaambukiza wengine wote.

Nilisema tu kwamba bado kuna mtu anautumia. Hakuniuliza ni nani. Tukaliacha hivyo, na nadhani tuliliacha hivyo zaidi ya mwaka.

Ninapokumbuka mwaka huo, ninajiona nikijisifu moyoni. Nilijiambia kwamba wengine wote duniani wanawatupa watu wenye vyombo vya zamani, lakini sisi hatuko hivyo. Kila tulipotoa toleo jipya, nililipeleka dukani mwenyewe, nikaliweka kwenye kompyuta ya kilima, nikanywa chai ya tangawizi, nikarudi Ngagara nikijihisi mwema.

Wakati huo huo kulikuwa na mama mmoja Rumonge, fundi wa kushona nembo za shule. Alikuwa na mashine mpya na kompyuta mpya. Alitupigia simu kutuambia kwamba programu yetu inarundika mishono kwenye kona za nembo. Uzi unapita mahali pamoja mara nyingi mno, kitambaa kinakuwa kigumu kama kadibodi. Tulichunguza, tukaona kosa ni letu. Dawa yake tuliijua pia. Ilikuwa njia mpya ya kukokotoa mishono, na ilihitaji zana zile zinazokataa kilima. Rafiki yangu alitaka tuiweke wiki ile ile. Mimi nikasema nipewe muda, nitafute njia itakayofanya kazi kote kote. Nikampigia yule mama wa Rumonge nikamwomba angoje.

Nilitafuta njia hiyo Jumamosi saba hivi. Sikuipata, na sikumpigia kumwambia kwamba sijaipata.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, alipata kazi ya masweta ya shule ya msingi, akaishona kwa programu ile ile kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Masweta yalipotoka mikononi mwake yalikuwa mazuri. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza, sufu ikavutika kuzunguka zile kona ngumu, ikaanza kukatika, na nembo zikabaki zinaning'inia kifuani mwa watoto. Mkuu wa shule aliyakusanya yote akamrudishia ndani ya magunia.

Alitutumia ujumbe wa sauti. Nilimsikiliza nikiwa ofisini, simu nimeibana sikioni. Hakupandisha sauti. Alieleza kilichotokea kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetoa ripoti, kisha akasema, "Muliniambia ningoje. Nilingoja." Ujumbe ukaendelea sekunde kadhaa, ikisikika mashine yake tu.

Jioni nilikwenda Kigobe. Rafiki yangu alikuwa amesikia ujumbe huo huo. Sikutaka aanze yeye, kwa hiyo nikasema mimi kwanza kwamba kosa ni langu, kwamba nilimfanya fundi mmoja ateseke ili nimhifadhi mwingine. Nilitegemea atanituliza. Badala yake akasema:

"We haumusaidie yule Maman. Unaogopa kumwangalia kwa macho umwambie. Hicho ni kitu kingine."

Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa kweli. Kilichonizuia hakikuwa kompyuta wala kilima, bali kigoda kile na miezi ile mitatu, na sindano ambazo sikuulizwa. Nilikuwa ninalipa fadhila yangu kwa kazi za watu wengine.

Tuliiweka ile dawa usiku huo na kulituma toleo jipya, ambalo halikuweza kufunguka kwenye kilima. Asubuhi ya Jumamosi tukapanda gari kwenda Rumonge. Mama yule alitupokea mlangoni, akatukaribisha vizuri kuliko tulivyostahili, akatuonyesha magunia. Nilimwambia tumekuja kufumua. Aliniuliza kama najua kufumua, nikasema nitajifunza. Akanipa kiwembe na sweta moja, akanionyesha jinsi ya kukata uzi wa nyuma bila kugusa sufu. Tulikaa naye siku mbili, sote watatu, tukifumua nembo. Sweta ambazo sufu yake haikukatika zilishonwa upya kwa toleo jipya. Nyingine alizitia viraka vya kitambaa chini ya nembo, kazi safi ambayo hakuna programu ingeweza kuifanya. Chache hazikuponyeka. Katika siku hizo mbili alituambia habari za watoto wake na za barabara na za bei ya uzi, lakini habari ya kungoja hakuirudia. Tulipoaga alitushukuru. Baadaye nilisikia kwamba alinunua programu nyingine. Hajapiga simu tena, na sijaona kuwa nina haki ya kumpigia.

Bado nilikuwa na neno la kumpelekea yule mama wa mjini. Niliahirisha wiki moja, kisha nikaenda asubuhi, duka likiwa halijajaa. Nilikuwa nimetayarisha maelezo kwa njia nyepesi, kuhusu virusi, zana, kompyuta ya rafiki yangu na feni yake. Alikuwa anakunja vitambaa vya imvutano, yale mavazi ya kujitanda ambayo wanawake huvaa harusini. Niliongea nikiwa nimesimama, haraka haraka, na mwisho nikamwambia kwamba toleo alilo nalo litaendelea kufanya kazi kwenye kompyuta yake, lakini hatutalirekebisha tena wala kuliongezea kitu, na kwamba ninasikitika sana.

Alimaliza kukunja kitambaa kilichokuwa mkononi. Kisha akaniambia kwamba nyumbani kwake Kibenga ana kompyuta mpya. Mwanawe aliye Maskati aliileta alipokuja likizo, zaidi ya miaka miwili nyuma. Wajukuu wanaangalia katuni.

Sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini basi hakuileta dukani.

"Mara ngapi nilikuuliza?" alisema. "Kila nikikuuliza kama nibadilishe, unaniambia, Mama, hii ya zamani inafanya tu, usijisumbue. Nikasema basi, mutoto anajua kazi yake. Ile mupya labda itamuharibia."

Alikuwa sahihi. Aliniuliza, labda mara tatu au nne, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na kila mara nilimjibu hivyo kwa majivuno, kama daktari anayemwambia mgonjwa asihangaike. Yeye alibaki kwenye kilima kwa ajili yetu, na sisi tulibaki kwenye kilima kwa ajili yake, na katikati yetu mama wa Rumonge alikuwa anashona.

Nilidhani atacheka, kwa sababu kwa namna fulani jambo lenyewe lilichekesha. Hakucheka. Aliuliza tulianza lini kulizungumza suala hili mimi na mwenzangu. Nilipomwambia zaidi ya mwaka, alivua miwani.

"Mwaka muzima mumekaa munanizungumzia mimi," alisema, "na mimi niko hapa. Duka liko wazi kila siku."

Nimesikia hoja nyingi kuhusu mifumo ya zamani, nyingine kutoka kwa watu waliosoma kunizidi, lakini hakuna iliyonikaa kama hiyo. Nilimwomba radhi. Aliipokea kwa kunisukumia kile kigoda kwa mguu, akaniambia nikae nimweleze sasa kinachotakiwa kufanywa, pole pole, na maneno ya Kifaransa niyaache.

Kilichotakiwa kilikuwa kigumu kuliko nilivyomwahidi. Mashine yake ya kudarizi ilipokea michoro kwa disketi, na kompyuta mpya haina hata mahali pa kuiingizia. Rafiki yangu aligundua kwamba kuna kifaa kidogo kinachotiwa kwenye mashine penye mlango wa disketi, na kuidanganya mashine kwamba flash ni disketi. Kilipatikana kwa jamaa mmoja aliyekuwa anasafiri kutoka Dar es Salaam. Tulikifunga Jumamosi moja, tukafungua mashine ambayo haikuwa imefunguliwa tangu ilipofika nchini, ndani yake vumbi la nyuzi za rangi zote limelala kama pamba. Yule mama alisimama nyuma yetu muda wote, mkono mmoja juu ya mashine, akiuliza kila parafujo inarudi wapi.

Kisha zikaja disketi zenyewe. Alikuwa nazo sanduku zima, na nyingi zilikuwa za marehemu mume wake, ambaye ndiye aliyeanzisha darizi katika duka hilo. Ilibidi tuzisome moja moja kwenye kompyuta ya kilima na kuhamisha michoro kabla hatujaizima. Mume wake alikuwa ameandika juu ya kila disketi kwa mwandiko mdogo wa Kiarabu, na mke wake alinisomea: maua ya mto, pembe za shuka, kwaya ya fulani, bibi harusi wa fulani. Nyingi zilisomeka. Nyingine zilikwaruza tu ndani ya mashine, kompyuta ikaandika kwamba haioni kitu.

Mojawapo ya hizo ilikuwa na nakshi ya shingo ya kanzu. Mume wake aliichora akiiga ile iliyokuwa kwenye kanzu ya baba yake mwenyewe. Nilijaribu mara nyingi. Niliichukua hadi kwa rafiki yangu, naye akajaribu kwenye mashine nyingine mbili. Nilipomrudishia na kumwambia imeshindikana, aliishika mkononi, akaniomba niiingize mara moja tena mbele yake. Tulisikiliza ikikwaruza. Akasema, "Basi, Alhamdulillahi," akaenda nyuma ya duka, na ilipita muda kabla hajarudi.

Nimejiuliza kama ningekuja mwaka mmoja kabla, disketi hiyo ingesomeka. Huenda. Disketi huoza kimya kimya na hakuna anayejua siku yake. Lakini swali hilo linanifundisha kitu ambacho sikukiona nilipokuwa ninajisifu: kumwacha mtu kwenye mfumo wa zamani si kumlinda, kwa sababu mfumo wenyewe unaendelea kuzeeka huku sisi tukidhani tumeusimamisha. Nilidhani uamuzi ni kati ya kumwacha yule mama na kutomwacha. Kila mwezi niliokaa kimya ulikuwa uamuzi pia, na niliufanya bila yeye.

Wiki chache baadaye alileta kutoka Kibenga kanzu ya zamani ya mume wake, yenye nakshi ile shingoni, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Aliniuliza kama mchoro unaweza kutolewa kwenye kitambaa. Tulipiga picha ile shingo, na mimi nikahesabu mishono kwa ncha ya sindano, yeye akinirekebisha kila nilipopotea. Ilichukua siku nyingi. Mashine ilipoishona kwenye kitambaa kipya, aliweka vipande viwili pamoja mezani. Aliniambia si ile. Majani ya mume wake yaliinama kidogo upande mmoja, na ya kwetu yalisimama wima. Hata hivyo aliiweka dukani, na watu wanaiagiza.

Siku hizi mimi na rafiki yangu tuna utaratibu, ingawa ni utaratibu wa watu wawili na hatukuuandika popote. Mfumo ukianza kuachwa na waliouunda, tunatafuta kwanza nani bado anautumia na tunamuuliza kwa nini. Wengine watakwambia hawana uwezo wa kubadilisha. Wengine hawajui kwamba umezeeka. Wengine, kama yule mama, wanakungoja wewe. Kisha tunasema tarehe, mapema, na hatuisogezi. Toleo la mwisho linabaki kwa anayelitaka, lakini tunamwambia waziwazi kwamba likimharibikia hatutaligusa. Hakuna lolote katika hayo linalohitaji elimu kubwa. Kilicho kigumu ni kwenda na kusema.

Mwaka huu zamu imefika kwa mfumo uliokuja baada ya kilima. Amebaki fundi mmoja Uvira, mzee kidogo kuliko sisi, anayedarizi fulana za timu za mpira. Nilivuka mpaka kwenda kumwona. Karakana yake ni chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia barabara, na kompyuta ameifunika kwa karatasi ya nailoni kwa sababu ya vumbi. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimekaa, sikuharakisha.

"Kwa hiyo mutaniacha," alisema.

Zamani ningetafuta neno la kuzungukia.

"Ndiyo," nikamwambia. "Mwaka wa shule ukiisha. Toleo ulilo nalo litabaki lako, lakini hatutalirekebisha tena."

Hakufurahi. Alinyanyuka, akaenda dirishani, akasalimiana na mtu aliyekuwa anapita njiani. Aliporudi alivuta daftari la vipimo vya wateja, akalifungua kwenye ukurasa mtupu, akanipa kalamu. Akataka nimwandikie kompyuta ya namna gani aanze kuitafuta, na niandike kwa herufi kubwa, maana atakayemnunulia ni shemeji yake anayesafiri kwenda Kampala, naye hasomi mwandiko wa kuunganisha.